Njia ya baiskeli si ya pikipiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze kero yetu sisi waendesha baiskeli wa Dar es Salaam. Naishi Kimara, na kila siku naenda kazini Kariakoo kwa baiskeli. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, pembeni iliwekwa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli. Nilifurahi mno. Sasa humo bodaboda wanakwepa foleni, tena wanakuja uso kwa uso na kukupigia honi wewe uliye kwenye njia yako. Wengine wameegesha magari.

Wiki iliyopita, pale Manzese, bodaboda mmoja alinigonga kwa usukani nikaangukia ukingo wa zege. Rimu ikapinda, cheni ikakatika. Nilikokota baiskeli hadi kwa fundi, goti linavuja damu. Kilichoniuma zaidi ni maneno yake: "Mzee, baiskeli kaendeshe kijijini." Mimi sina nauli ya kwenda na kurudi kila siku, baiskeli ndiyo inayosomesha wanangu.

Wauza matunda waliopanga meza humo siwalaumu sana, nao wanatafuta riziki. Watafutiwe pa kukaa. Ila pikipiki ziondolewe. Askari wa usalama barabarani wasimame Ubungo na Magomeni kuanzia saa 12 asubuhi, wakati sisi tunapita.

Msomaji wako,
Kimara, Dar es Salaam