Barua ya wazi kwa vijana wasaidizi wa kisheria wa Tanga: msiwaahidi watu mahakama wasiyokuwa nayo

Wanangu, asalaam aleikum, na wale wa kanisani tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia nikiwa nimekasirika na sitaki kuficha. Kwenye ile semina ya juzi hapa mjini alisimama mwenzenu mmoja, msomi kabisa, simu mkononi, akasema Moroko imeingia ubia na Baraza la Ulaya kwa hiyo siku hizi Mmoroko akidhulumiwa na serikali yake anaenda kushtaki Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg, na Tanzania nayo ikiomba ubia kama ule basi sisi huku tutapata pa kukimbilia. Ukumbi mzima makofi. Hakuna aliyeuliza, hayo umeyasoma wapi? Na kiti cha nyuma kulikuwa na mama mmoja wa Mabawa, ana kesi ya mirathi, nikamwona anaandika jina la mji ule nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto, anamuuliza jirani yake herufi. Huyo mama ndiye aliyeninyima usingizi.

Haya tuelewane. Baraza la Ulaya, chombo cha nchi za Ulaya cha haki za binadamu na demokrasia, lilianzishwa 1949, makao yake Strasbourg, Ufaransa, lina nchi wanachama 46 baada ya Urusi kutolewa 2022, na msilichanganye na Umoja wa Ulaya. Moroko siyo mwanachama. Kilichotokea ni kwamba Juni 2011 Bunge la baraza hilo lilitoa kwa Bunge la Moroko hadhi ya mbia wa demokrasia, na ndilo la kwanza kabisa kuipata. Wabunge wa Moroko wanaenda, wanakaa, wakiruhusiwa wanazungumza, wanaingia kwenye kamati, ila kura hawapigi. Mahakama ya kule inasikiliza malalamiko dhidi ya nchi zilizoridhia Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu wa 1950, na Moroko haimo. Mmoroko aliyeonewa Ufaransa anaweza kuishtaki Ufaransa, akionewa na serikali yake kule Rabat mlango ule si wake.

Sisemi kulisogelea baraza lile ni bure. Nchi za nje, hata zisizo na ubia, zinaweza kualikwa kuingia kwenye mikataba yake, Tunisia 2019 iliridhia ule wa Lanzarote wa kulinda watoto dhidi ya ukatili wa kingono, Moroko mwaka huohuo ikaingia kwenye ule wa kulinda taarifa binafsi. Na kwenye ubia kuna ahadi: chaguzi huru, nafasi ya wanawake kwenye siasa, kutotekeleza hukumu ya kifo. Moroko haijamuua mtu kwa hukumu hiyo tangu 1993, ijapokuwa majaji wake bado wanatoa hukumu ya kifo, na Desemba 2024 kwa mara ya kwanza ikaunga mkono kule Umoja wa Mataifa azimio la kusitisha utekelezaji wa hukumu ya kifo. Siwezi kusema ni ubia peke yake uliofanya, wapo wanaharakati wao waliosukuma miaka na miaka, lakini ahadi ikishaandikwa mtu ana pa kuishikia serikali yake. Hilo ndilo la kuwafundisha watu.

Mimi nimekaa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo, nimeona karatasi za kila namna. Watu wanakuja na makubaliano ya shamba yamepigwa mhuri wa mtaa, yamewekwa kwenye nailoni vizuri, mzee wa watu kayatunza miaka chini ya godoro, ukisoma ndani aliyesaini kuuza siyo mwenye shamba. Hakuna aliyemsomea! Mwenyekiti kagonga mhuri, mashahidi wamekula soda, wamepiga picha, wameondoka. Na nyie mnaanza tabia hiyohiyo, fulana mpya, bango, picha kwenye grupu la wasap, posho, halafu itifaki yenyewe ya Mahakama ya Afrika, ile hati iliyoiunda, hamjaifungua. Hata mafaili ya pidiefu yapo bure kwenye simu zenu!

Kinachoniuma zaidi mnaota Strasbourg wakati Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ipo Arusha, unapanda basi asubuhi hapa Tanga na siku hiyohiyo umefika. Tanzania ilitoa tamko 2010 la kuruhusu mwananchi na asasi kwenda pale moja kwa moja. 2013 mahakama hiyo ikasema kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Novemba 2019 serikali ikaliondoa tamko, mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa kwa kesi mpya za wananchi. Sisi ni wanachama, mahakama ipo kwenye ardhi yetu, na mwananchi wetu haingii! Hapa mtaani sikusikia hata baraza moja la kahawa likilizungumza, mpira tulizungumza. Hatukuwa peke yetu kuondoa tamko, Rwanda, Benin na Ivory Coast nao waliondoa ya kwao, lakini hiyo isitufariji. Na hiyo Moroko mnayoisifia ilirudi Umoja wa Afrika 2017 na Mkataba wa Afrika wenyewe haijauridhia.

Sasa yaliyobaki kwa kifupi. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu kule Banjul, Gambia, bado inapokea malalamiko ya Mtanzania, baada ya kumaliza mahakama za nyumbani. Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ipo Arusha, mwananchi anaingia mwenyewe, lakini ndani ya miezi 2 tu, ikipita imepita. Mjane msimtoze hela ya fotokopi. Mtu akiwauliza jambo msilolijua, mwambieni arudi kesho, mkasome.

Nawapenda wanangu, mnafanya kazi ambayo wengi wenye shahada zao wameikimbia, ndiyo maana nagomba. Yule mama wa Mabawa nimeshamtafuta, kesi yake inaanzia mahakama ya mwanzo na namtaka mmoja wenu amsindikize. Jumamosi baada ya alasiri nipo kibarazani Ngamiani, njooni tusome Itifaki ya Mahakama ya Afrika, kila mtu awe ameshapitia kifungu cha 5 na cha 34(6) kabla hajakaa.