Kipimo cha kesho: kupasua visahani vya chokaa

Wadau wa Mtwara, salaam. Kesho saa 2 asubuhi tunapasua visahani vya mwamba wa chokaa, tujue unahimili kuvutwa kiasi gani. Kuuvuta mwamba moja kwa moja ni taabu, mara nyingi unavunjikia kwenye vibanio. Kwa hiyo tunaukandamiza ubavuni, nao unapasuka katikati kwa kuvutwa. Ndicho kipimo cha Kibrazili, cha mhandisi Mbrazili Carneiro, 1943.

Kipenyo kiwe milimita 54, unene 27. Zidisha mzigo uliokipasua kisahani mara 2, kisha gawanya kwa pai mara kipenyo mara unene: kilonyutoni 10 zinatoa takriban megapaskali 4.4. Ufa ukianzia ukingoni, pale mashine inapogusa, jibu hilo tupeni hata kama limependeza.

Na jamani, matumbawe yenye matundu msiniletee tena!