Msizivute sinema za zamani zijae shuka

Mhariri,

Nipe nafasi niwaombe wanaoonyesha sinema za zamani hapa Lamu, uani au juu ya paa, waache kuzivuta picha zijaze shuka zima. Zinazoumia zaidi ni zile za mapenzi, vichekesho na nyimbo za miaka ya 1929 hadi 1934, sinema ilipokuwa ndiyo kwanza inapata sauti.

Chukueni Love Me Tonight, iliyoongozwa na Rouben Mamoulian, ya 1932. Paris inaamka: sururu inagonga barabara, mtu anakoroma, ufagio unapita, washona viatu wanapigilia misumari, kila sauti ikiingia kwa zamu yake mpaka mtaa mzima unakuwa ngoma. Anayeamshwa na kwato za punda na nyundo za mafundi hahitaji kuelezwa utamu huo. Kisha wimbo unaanzia kwa fundi cherehani. Mteja anatoka nao, dereva wa teksi anaudaka, wanajeshi wanaudaka ndani ya treni, hadi unamfikia binti wa kifalme kwenye kasri lake. Hajamwona fundi huyo, lakini wimbo wake ameshauimba!

Sasa, picha hizo karibu ni mraba: upana kwa kawaida hauzidi mara 1.37 ya kimo. Shuka likiwa na kimo cha sentimita 90 na upana wa 160, picha haitachukua zaidi ya 123. Pembeni pabaki peusi. Ukiivuta, nyuso zinanenepa kwa karibu theluthi. Ukiikuza ijae, karibu robo ya kimo inapotea, yaani kichwa cha mwimbaji au miguu ya mchezaji. Kwenye projekta chagueni 4:3 basi, yaani upana sehemu nne kwa kimo sehemu tatu, ulio karibu na umbo hilo.

Sauti nayo ni ya mkondo mmoja. Spika moja iwekwe chini ya shuka, katikati, na besi ipunguzwe, kwani rekodi za wakati ule hazina besi ya kutosha; ukiiongeza unapata mngurumo unaomeza maneno, na vichekesho vingi vimo kwenye vina vya maneno hayo. Ndani ya kuta za mawe sauti hurudi, kwa hiyo tandikeni mikeka na mtundike mablanketi ukuta wa nyuma. Juu ya paa msumbufu ni kusi: shuka lisipofungwa kamba pande zote nne hutuna kama tanga, na nyuso zikapinda.

Na tafadhali, msianze kabla ya Isha. Sururu ile inagonga dakika za mwanzo kabisa, watu wakiwa bado wanatafuta pa kukaa.

Mpenzi wa sinema,
Lamu