Kanda za wazee zisitupwe kabla ya kusikilizwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wasomaji wenzangu, hasa wanaogawana vyombo vya wazee wao waliotangulia, wasizitupe kanda za kaseti kwa sababu tu redio ya kuzipigia imekufa.

Mimi nimerithi sanduku la kanda za marehemu mjomba wangu, nyingi zikiwa zimerekodiwa moja kwa moja kutoka Redio Tanzania Dar es Salaam. Baadhi ya nyimbo zilizomo zinapatikana leo kwenye intaneti, tena kwa sauti safi zaidi. Kisichopatikana huko ni mtangazaji anayetaja bendi, mtunzi na mwimbaji kabla gitaa halijaanza, kwa kuwa wanaozipandisha nyimbo hizo huzirundika chini ya neno "zilipendwa", na aliyetunga akapotea hapo hapo.

Hata jina la bendi husaidia kukadiria umri wa kanda. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, iliitwa JUWATA na baadaye OTTU kwa kufuata jina la chama cha wafanyakazi, kabla ya kujulikana kama Msondo Ngoma. Nayo Mlimani Park, iliyozaliwa 1978, iliongezewa herufi DDC ilipochukuliwa na shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Mzee aliyeandika "Juwata" kwa kalamu ubavuni mwa kaseti ametuachia tarehe bila kukusudia.

Ikumbukwe kwamba wakati ule nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodi katika studio za redio ya taifa, na santuri zilitengenezwa Nairobi, hadi mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977 na njia hiyo ikawa finyu. Nyimbo nyingi za miaka iliyofuata, kwa hiyo, hazikutoka kwenye santuri kabisa. Zilibaki kwenye kanda za redio na katika nyumba za wasikilizaji wenye subira ya kukaa kidole kikiwa kwenye kitufe. Shirika letu la utangazaji, lililorithi hazina ya redio ile, lingefanya jambo la maana kuwafungulia wananchi milango ya kuisikiliza, na kuwalipa watunzi au warithi wao kila inapouzwa.

Mwenye kanda asiipige kwenye redio mbovu inayotafuna utepe, na avivunje vile vijipande viwili vya plastiki vya mgongoni ili mtoto asije akarekodi juu yake. Anapoinakili kwenye kompyuta, ainakili yote, mtangazaji akiwemo, na faili alipe jina la bendi na la mtunzi.

Binafsi natafuta matangazo ya Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zote za hapa Tanga. Aliyenayo, hata kama utepe umekatika, asiutupe. Fundi mwenye utepe mwembamba wa kunata wa kuungia kanda bado anaweza kuuunga.

Msomaji wako,
Tanga