Kijiji kwanza, ndipo Ujerumani

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja ameandika kwamba Wamarekani wenye asili ya Kijerumani hawawezi kufuatilia ukoo wao kwa sababu maofisa wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, waliyabadilisha majina yao. Naomba nafasi nimsahihishe, maana wapo watoto wa jamii zetu waliozaliwa huku Marekani katika ndoa za mchanganyiko, na upande huo wa ukoo ni wao pia.

Orodha za abiria ziliandaliwa na makarani wa kampuni za meli kwenye bandari ya kuondokea. Ellis Island walizihakiki tu. Tena kituo hicho kilifunguliwa mwaka 1892, mamilioni ya Wajerumani wakiwa wameshaingia. Majina yalibadilika baadaye, mara nyingi kwa hiari: Schmidt akawa Smith, Müller akawa Miller.

Kinachowakwamisha watu ni kukimbilia Ujerumani kabla ya kulijua jina la kijiji. Hakuna rejista moja ya nchi nzima. Kila usharika na kila parokia ilikuwa na vitabu vyake. Sensa za Marekani mara nyingi zinataja dola kubwa za Ujerumani ya zamani tu, kama Prussia au Bavaria, na hati za uraia za kabla ya Septemba 1906 kwa kawaida hazitaji mji wa kuzaliwa. Orodha za abiria wa bandari ya Hamburg za 1850 hadi 1934 zipo na zinaonyesha makazi ya mwisho, ambayo huenda siyo alikozaliwa mtu. Za bandari ya Bremen nyingi ziliharibiwa.

Kwa hiyo anzeni na vitabu vya kanisa la Marekani alikosali mhamiaji. Wachungaji na mapadre wa Kijerumani mara nyingi waliandika kijiji cha asili, hasa kwenye ndoa na mazishi. Ombeni picha ya ukurasa mzima wa kitabu, kwani anayejaza cheti kipya anaweza kuiacha habari hiyo. Kama babu hakuandikiwa kijiji, wafuatilieni wazazi wa ubatizo wa watoto wake. Watu wa kijiji kimoja walizoea kuhama kwa makundi na kubatiziana watoto, kwa hiyo kijiji cha mzazi wa ubatizo mara nyingi ndicho cha babu. Njia hii ina kazi nyingi, lakini ndiyo ninayoiamini kuliko zote pale nyaraka za babu mwenyewe zinapokuwa kimya.

Mkishapata jina la kijiji, litafuteni katika kamusi ya Meyer ya mahali pa Dola ya Ujerumani. Vijiji vya jina moja ni vingi, na kijiji kidogo huenda kilisali parokia ya jirani. Vitabu vingi vya Kiprotestanti viko kwenye tovuti ya Archion, kwa malipo. Vya Kikatoliki tafuteni kwenye tovuti ya Matricula, bure. Tovuti ya FamilySearch nayo ni bure, ingawa baadhi ya picha hufunguka tu kwenye vituo vyake. Usajili wa serikali ulianza nchi nzima Januari 1876, hivyo kwa miaka ya nyuma kanisa ndilo tegemeo karibu kila mahali.

Kusoma kunataka subira. Katika Kurrent, mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani, herufi e inafanana na n, na u huwekewa alama juu ili isichanganywe na n. Wavulana wa nyumba moja wangeweza wote kubatizwa Johann, kila mmoja akaitwa kwa jina la pili. Basi Johann Heinrich mtafuteni pia kama Heinrich. Mtoto akifa, jina lake lilipewa mdogo wake. Kabla ya kumkubali mtu kuwa ndiye, someni vitabu vya mazishi mhakikishe hakufa utotoni. Miti mingi ya ukoo iliyoko intaneti imeharibika hapo.

Wenye asili ya Pommern, Posen au Silesia, majimbo ya mashariki ya Ujerumani ya zamani, watafute pia katika hifadhi za Poland, kwani sehemu kubwa ya maeneo hayo sasa iko huko. Vitabu vingi vya Kiprotestanti vilivyookolewa kutoka mashariki vimehifadhiwa na kanisa lao mjini Berlin.

Msomaji wenu,
Minneapolis