Mipaini yetu bado haijakomaa

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Mufindi ni wazima, ila baridi ya mwezi wa saba inatuchapa. Tangu simu yako ya juzi sijalala vizuri. Umesema dalali anaitaka mipaini yetu ikiwa imesimama, na kwamba miaka 9 si michache.

Kwa mti huu, miaka 9 ni utoto. Patula, aina hii ya mpaini tuliyopanda, kwao ni milimani Mexico: Hidalgo, Puebla, Veracruz hadi Oaxaca, huko juu kwenye mita 1,500 mpaka 3,000, ukungu ukitanda na mialoni ikiota kando yake. Wenyeji wanauita pino llorón, mpaini unaolia, kwa jinsi sindano zake zinavyoning'inia kama nywele zilizolowa. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini koni zake zinang'ang'ania tawini miaka na miaka bila kufunguka. Zinangoja joto kali. Kwao moto ukipita koni hupasuka, mbegu zikaangukia majivuni, msitu ukaanza upya.

Mti huu ulipoletwa Sao Hill, hapa kwetu Mufindi, ulikuta baridi na ukungu kama wa kwao, ukarefuka upesi. Urefu huo ndio unaotudanganya. Mbao ya mti mchanga ni nyepesi, ikikauka inajikunja. Baba yako aliuza nusu eka ikiwa na miaka 8. Nilizikuta mbao zile kando ya barabara zimepinda kama pinde, na fedha yake haikufika Krismasi. Iliniuma, bado inaniuma.

Bwana misitu alitusimulia habari za Wazapoteki, wenyeji wa Oaxaca huko huko Mexico. Mwaka 1956 msitu wao ulikabidhiwa kiwanda cha karatasi kwa miaka 25. Muda ulipokwisha walikataa katakata mkataba kuongezwa, na watu wa Ixtlán, mji wao mmoja, wakaja kupasua mbao kwenye kiwanda chao wenyewe. Niliposikia hayo nikaliwaza shamba letu.

Kwa hiyo mwambie dalali hapana. Ifike walau miaka 18. Ada yako nitaitafuta kwenye vinyungu, bustani zetu za bondeni. Viazi mwaka huu vimekubali, na mahindi mabichi yanatoka mwezi wa kumi. Barabara ya kuzuia moto upande wa juu nimeshailima na wadogo zako. Ukija Desemba njoo na viatu vigumu, kuna matawi ya kupogolea na mikono yangu haifiki tena.

Mama yako