Shukrani kwa dada wa maktaba

Dada uliyekaa nami pale Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, jina lako silijui ila ahsante sana. Uliniwekea AntennaPod, programu ya bure, ukanionyesha pa kujiunga na podikasti, yaani vipindi vya sauti vya mtandaoni. Sasa vipindi vipya vinashuka vyenyewe kwa waifai, nasikiliza kwenye daladala bila kula bando.

Halafu kurekodi! Feni izimwe, mapazia mazito yafungwe kupunguza mwangwi, simu iwe karibu na mdomo. Kwenye Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ulinielekeza kuyatazama mawimbi ya sauti mpaka nione kikohozi kilipo, nikikate. Subira yako ni ya ajabu. Bibi yangu sasa anasimulia habari za Kilwa, na binamu zangu walioko Muscat wanamsikiliza. Mungu akuzidishie, dada.